Baba wa Maigizo

Hakuna aliyekuwa akinitarajia, na hiyo ndiyo raha pekee niliyoipata tangu nipande basi. Niliusukuma mlango wa ukumbi wa kanisa kwa bega, vumbi la safari limenijaa hadi kwenye kope, nikasimama nyuma ya viti vya plastiki. Vijana walikuwa katikati ya mazoezi. Wote walivaa fulana mpya za rangi moja, kifuani zimechorwa mikono miwili iliyombeba mtoto. Juu ya jukwaa alisimama mwanamume mrefu, amevaa joho lililoshonwa kwa pazia kuukuu, kidevuni amebandika ndevu za pamba, mikono ameitanua.

"Usilie tena, mwanangu!" alisema kwa ile sauti nzito iliyomfanya aitwe Besi. "Baba amerudi nyumbani. Na safari hii haendi popote!"

Msichana aliyeigiza mtoto akamrukia shingoni. Wenzao wakashangilia.

Na mimi nikapiga makofi. Polepole, moja moja, hadi wote wakageuka.

"Karibu, dada," alisema kijana mmoja aliyeshika gitaa. "Unamtafuta nani?"

"Namtafuta baba."

"Baba mchungaji? Ametoka kidogo."

"Sio mchungaji. Namtaka yule mwenye pamba kidevuni."

Kicheko kikalipuka. "Besi!" mmoja akapiga kelele. "Kumbe una mtoto, umetuficha? Na sisi tunakuombea mke!"

Besi hakucheka. Alikuwa ameshanitambua. Aliteremka jukwaani huku akilikanyaga lile joho, akaja hadi mbele yangu, akasimama kama mtu aliyefika ukingoni mwa shimo. Macho yale. Nilikuwa nimejiapiza njia nzima kwamba sitayatazama.

"Mlezi," alisema. Hilo ndilo jina alilonipa mwaka jana, kwa sababu ndiyo kazi yangu, lakini alikuwa na namna yake ya kulitamka. "Umefikaje huku?"

"Kwa basi. Kumbe njia ipo! Mimi nilishaanza kuamini daraja limevunjika na simu zote za nchi yenu zimeibwa."

Mwaka jana kundi hili lilivuka mpaka kuja kutumika kwenye nyumba ya watoto ninayofanya kazi. Walipaka rangi, waliimba, waliosha sufuria. Besi ni fundi umeme, akapewa kazi ya kubadilisha nyaya za bweni, na mimi nikapewa kazi ya kumshikia ngazi. Nilimshikia ngazi siku nzima. Yeye aliposhuka, mimi nilikuwa nimeshapanda. Usiniulize nilipanda wapi. Kila jioni tulikaa kwenye benchi la kufulia tukiongea mpaka watoto wakaanza kututania. Siku ya mwisho alinishika mkono akaniambia, "Nikifika tu, nakupigia." Nadhani hadi leo hajafika.

Lakini sikupanda basi kwa ajili ya hilo. Ningekuwa na tatizo la moyo wangu tu, ningelilia kwenye mto wangu nikanyamaza.

"Unamkumbuka Njugu?" nikamuuliza.

Uso wake ukafunguka. "Njugu! Mwenye mapengo! Hajambo?"

"Kila siku akitoka shule anakaa kwenye ngazi ya geti. Mvua, jua, anakaa. Unajua anamsubiri nani?"

Akaishika pamba ya kidevuni.

"Siku ile ya mchezo wenu ulimtoa kati ya watoto wote, ukamfanya ndiye mwana. Ukaingia getini na joho lako, ukambeba mabegani mbele ya wenzake, ukamwambia baba amerudi na haendi popote. Kesho yake alfajiri mkaondoka wote, viatu mikononi ili msiwaamshe."

"Kiongozi wetu alisema wakituona tunaondoka wataumia," alisema yule wa gitaa kwa sauti ndogo.

"Alisema kweli? Basi ameze hayo maneno yake! Mtoto alilala ana baba, akaamka hana. Nani aliyeumia hapo, ninyi?"

Nikamgeukia Besi tena.

"Ungekuwa mchezo tu, angesahau. Lakini sikiliza. Kuna fundi viatu na mkewe, watu wema, hawajajaliwa mtoto. Kwa miezi wamekuwa wakija kumwona Njugu. Yule mama anamsuka nywele polepole, anaogopa kumuumiza. Wanamtaka. Na Njugu anawaambia nini? 'Mimi nina baba. Ameenda kazini.' Jumamosi jioni afisa ustawi anakuja nao kwa mara ya mwisho. Njugu akikataa tena, wale wazazi watapewa mtoto wa nyumba nyingine. Afisa amesema hawezi kumbeba mtoto kwa nguvu kama gunia. Nimemweleza Njugu mpaka koo limekauka. Haniamini. Ananiambia, 'Wewe humjui baba yangu.'"

Ndevu za pamba zilikuwa zimeanza kubanduka upande mmoja. Aliziacha zining'inie.

"Kwa hiyo unakwenda na mimi," nikasema. "Utapiga magoti mbele yake na kumwambia kwa mdomo wako kwamba wewe si baba yake. Ulimwingiza wewe, umtoe wewe."

"Haendi popote."

Sauti ilitoka pembeni, kwenye meza iliyojaa fulana. Mwanamke wa makamo alisimama, futi ya kupimia imemning'inia shingoni, mkasi mkononi. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Ni macho yaleyale ya Besi, ila haya yalikuwa yamekauka.

"Binti, kwenu hawabishi hodi?"

"Shikamoo, mama," nikasema. Hasira haikuwa imenisahaulisha adabu.

"Marahaba. Nimekuuliza kwenu."

"Kwetu ni hukohuko nilikotoka. Nilipelekwa kwenye ile nyumba nikiwa wa kubebwa mgongoni. Nimekulia hapo, sasa nalea hapo."

"Ndiyo wewe," alisema, akiitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu ngumu. "Aliniambia habari zako alipofika tu, kabla hata hajavua viatu. Mimi nikamwambia mke haokotwi njiani. Mtu ana kwao. Siku ya kugombana, nitakwenda kushtaki kwa nani? Kwa nyumba?"

Niliona vijana wakiinamisha vichwa.

"Kumbe ndiyo sababu," nikamwambia Besi. "Mama alikataa, na wewe ukakata simu."

"Sikukata. Nilitaka nikupigie nikiwa na jibu. Nilikuwa namsihi taratibu. Sikutaka kukupigia nikwambie mama amekukataa."

"Na kimya ulidhani ni nini, salamu? Wewe ulivyo mrefu hivyo, ukipita mlango wa kanisa kichwa kinagusa juu, bado unahitaji ruhusa ya kubonyeza simu?"

Mmoja wa vijana akaguna kicheko, akakimeza haraka.

"Nilikosea," alisema Besi.

"Usiniombe msamaha, sijaja kuuchukua. Nataka kujua kitu kimoja tu. Nani aliyekaa akatunga mchezo wa baba anayerudi, akaupeleka mbele ya watoto ambao hakuna baba atakayewarudia? Ni kichwa cha nani kilichofikiria hivyo?"

Mama yake aliweka mkasi mezani.

"Usimjibu," alisema.

"Ni mimi," alisema Besi.

"Wewe?"

"Nilipokuwa na umri wa Njugu, baba yangu alitoka asubuhi moja. Mama akaniambia ameenda kazini. Nilikaa mlangoni nikimsubiri mpaka nikaota ndevu, Mlezi. Za kweli, sio hizi." Aliibandua ile pamba, akaikunja mkononi. "Kila siku nilikuwa nikitunga kichwani namna atakavyorudi. Atakachosema. Atakavyonibeba. Niliutunga mchezo huo nikaupiga msasa miaka yote. Nilipowaona wale watoto, nilidhani nina kitu kizuri cha kuwapa."

Ningependa kusema hapo ndipo hasira yangu ilipoyeyuka. Haikuyeyuka. Ilipata macho tu, ikaona mahali pa kupiga.

"Uliwapa njaa yako," nikamwambia. "Ukaipamba, ukaipakua kwenye sahani zao."

Alipokea maneno yale kama mtu aliyepigwa kofi anayejua amestahili. Lakini mama yake ndiye aliyekaa chini. Alijishika kwenye ukingo wa meza, akakaa juu ya rundo la fulana.

"Ningemwambia nini?" alisema, na sikujua anamuuliza nani. "Alikuwa mtoto. Kila jioni ananiuliza. Ungekuwa wewe, ungemwambia nini?"

"Sijui, mama," nikasema. "Mimi sikuwa hata na mtu wa kunidanganya."

Alinitazama. Halafu akamgeukia mwanawe, na ukali wake ukarudi, ila sasa ulikuwa na ufa.

"Jumatatu asubuhi una usaili wa vitendo. Umekuwa kibarua kwenye kampuni ya umeme tangu umalize chuo, ukipanda nguzo bila bima. Hii ndiyo nafasi ya ajira ya kudumu. Nimefunga, nimeomba, nimewasumbua hata malaika walio likizo. Ukichelewa mlango umefungwa, walisema wenyewe."

"Nitarudi na basi la Jumamosi mchana, Mama. Litanifikisha kabla."

"Na ukilikosa?"

"Linalofuata ni Jumatatu. Sitalikosa."

"Mtoto wa watu atakulilia, na wewe moyo wako ni mkate uliolowa chai. Nakujua, nimekuzaa."

Besi alilivua joho, akalikunja vizuri, akamwekea mama yake magotini. "Nitarudi, Mama," alisema. Kisha akanipita kuelekea mlangoni. "Twende."

Kwenye basi nilikataa kukaa naye. Alikaa viti viwili mbele yangu, na njia yote nikawa naitazama shingo yake, jinsi alivyoinamisha kichwa kila tulipopita kwenye matuta, na nikajichukia kwa sababu nilikuwa bado naijua ile shingo. Mpakani, kwenye foleni ya mihuri, alininunulia chai. Nikainywa kwa hasira. Chai ikaniunguza ulimi.

"Ulikuwa unanifikiria?" aliniuliza pale, bila kunitazama.

"Kila siku."

"Na mimi."

"Halafu? Mawazo yako yalinisaidia nini? Yalinipikia?"

Akavirudisha vikombe kwa muuzaji.

Tulifika Jumamosi asubuhi. Njugu alikuwa kwenye ngazi ya geti, akichora chini kwa kijiti. Aliinua kichwa. Sitaweza kuueleza uso ule, ila nilitamani basi lirudi nyuma, turudi wote tulikotoka. Kijiti kikaanguka.

"BABA!"

Alikuja mbio na mapengo yake yote nje. Besi alipiga goti barabarani, palepale kwenye kokoto, na alipomfikia hakumbeba. Alimshika mabega tu.

"Njugu. Nisikilize. Mimi si baba yako."

Mtoto akacheka. "Ndiyo wewe! Umenyoa tu ndevu!"

"Zile ndevu zilikuwa pamba. Ule ulikuwa mchezo, kama mnavyocheza duka na pesa za majani. Mimi ni fundi umeme. Sijawahi kuwa baba wa mtu. Nilikwambia sitakwenda popote, na nikaenda. Nilisema uongo, Njugu, na dada yako Mlezi amekuwa akikwambia kweli."

Kicheko kilitoka usoni mwake kidogo kidogo, kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililotoboka. Alimtazama Besi, akanitazama mimi, akamtazama tena. Kisha akamng'ata mkono. Alimng'ata kwa meno yote aliyokuwa nayo, na Besi hakuuvuta ule mkono.

"Mwongo!" alipiga kelele. "Mwongo! Niliwaambia wote! Niliwaambia shuleni!"

Alikimbia bwenini akaingia chini ya kitanda. Besi alimfuata, akalala chini kwenye sakafu ya saruji, shavu sakafuni, ili waonane. Mimi nilibaki mlangoni. Kule chini kulikuwa na matusi ambayo sijui mtoto yule aliyaokota wapi. Yakaisha matusi, kikaja kilio. Kilio kile nilikifahamu. Ni cha mtu anayezika. Nilitaka kuingia nimtoe, nikajizuia kwa kushika fremu ya mlango.

Muda mrefu baadaye sauti ikatoka chini ya kitanda, imekwaruza.

"Siku ile mimi niliamka."

"Siku gani?" Besi aliuliza.

"Mliyoondoka. Niliona viatu mmeshika. Nikajua mnacheza kujificha. Nikafumba macho, nikahesabu."

Besi alifunika uso kwa kiganja. Alipokiondoa, uso ulikuwa umelowa.

"Kwa nini hamkuaga?"

"Tulikuwa waoga, Njugu. Tuliogopa kilio chenu. Tukajisemea tunawaonea huruma ninyi."

Halafu Njugu akatambaa akatoka, utando wa buibui kwenye nywele. Alipanda kitandani, akaelekeza uso ukutani.

"Utaondoka tena?"

"Ndiyo. Leo."

"Usiondoke nikiwa nimelala."

"Siondoki ukiwa umelala."

"Sikupendi."

"Sawa."

"Lakini usiondoke."

"Nimesema siondoki."

Mtoto aliyelia hivyo hawezi kubaki macho. Alipigana na usingizi, akageuka mara kwa mara kuhakikisha yule mtu bado yupo, kisha akashindwa. Besi alikaa chini kando ya kitanda, magoti yamekunjwa, begi lake karibu na miguu. Kupitia dirishani tulisikia basi likija kutoka mbali, likapunguza mwendo, likasimama kituoni ng'ambo ya barabara. Dereva akapiga honi.

"Basi lako," nikanong'ona.

Hakuinuka.

"Besi. Jumatatu una usaili. Mwamshe basi, umuage."

Alimtazama Njugu. Alikuwa amelala mdomo wazi, kwikwi za kilio bado zinamtikisa akiwa ndani ya usingizi. "Angalia alivyochoka," alisema. "Nimwamshe ili nimkimbie?"

"Mimi nipo. Akiamka nitamweleza."

"Umekuwa ukimweleza mwaka mzima kwa ajili yangu."

Honi ikalia tena. Niliingia, nikamshika mkono wa shati kumvuta. Nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyokuwa kule ukumbini, na safari hii sikujua nimemkasirikia nani. "Utaikosa ile kazi! Mama yako atasema nimekuloga. Mimi ndiye nitakayebebeshwa lawama, sio wewe! Inuka!"

"Lawama nitazibeba mwenyewe."

"Wewe ni mjinga."

"Punguza sauti," alisema. "Atasikia."

Tulitazamana hivyo, mkono wangu umekamata shati lake. Nje, mlango wa basi ulifungwa kwa kishindo. Injini ikanguruma, ikazidi, ikapungua, ikapotea. Aliinamisha kichwa juu ya magoti, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayeteremka nguzoni. Nilimwachia shati. Kisha nikakaa sakafuni upande wa pili wa kitanda.

Jua lilikuwa limeshahamia dirisha la pili Njugu alipofumbua macho. Hakutabasamu. Alijiinua kwa kiwiko, akamtafuta, akamkuta.

"Hukuondoka," alisema.

"Nilikwambia siondoki."

Alimkagua kama fundi viatu anavyokagua soli. Kisha akajifuta kamasi kwa mgongo wa mkono, akashuka kitandani, akanijia mimi.

"Yule mama anayesuka, atakuja leo?"

"Anakuja jioni," nikasema.

"Mwambie asivute sana hapa nyuma."

Akamgeukia Besi, amesimama wima, mikono kiunoni.

"Haya," alisema. "Sasa nimeamka. Nenda."

Besi akainuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi aushike ukuta. Alichukua begi lake, akaliweka begani kama mtu mwenye haraka ya safari.

"Kwaheri, Njugu."

"Kwaheri, fundi."

Nikamsindikiza kwa macho akivuka uwanja, akatoka getini, akavuka barabara, akakaa kwenye benchi la kituo ambacho hakingepata basi lolote hadi Jumatatu.